Sura ya 6: Mgongo wa Kuazima

Ukitoka Bukavu kwenda kaskazini, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, unafika Miti kabla hujamaliza kilomita 30. Hapo barabara inagawanyika. Moja inashika Kavumu penye uwanja wa ndege, inapita Katana na kuandamana na Ziwa Kivu hadi Goma. Ya pili inakata kushoto, inapanda Tshivanga, inaingia msitu wa Kahuzi-Biega na kutokea upande wa Bunyakiri na Walikale. Kwa hiyo Miti ndipo msitu unapokutana na soko. Makala hushushwa hapa, mbao huhesabiwa hapa, mihogo na ndizi za Bushi, nchi yetu, hupakiwa hapa. Na ni katika njia za namna hii mtu hukamatwa mara nyingine na kikapu, na ndani ya kikapu hamna kuku bali mtoto wa sokwe, midomo imemkauka, kamba imemla kiunoni.

Nimezaliwa kwenye njia panda hiyo na nimefundisha shule huko kwa miaka mingi. Sura hii inahusu viumbe wawili ambao watu wa kwetu hawawataji pamoja: mbwa wa barabarani na sokwe yatima. Nimewaweka pamoja kwa sababu wamenifundisha jambo moja, ambalo sikulipata kwenye mahubiri wala kwenye vidonge vya usingizi. Aliyefiwa huanza kupona siku anapopata wa kumbeba. Na kubeba huko kunaponya zaidi ukijua tangu siku ya kwanza kwamba mgongo wako ni wa kuazima.

Nianze na mbwa, kwa kuwa ndiye niliyemkosea.

Oktoba 1996, vita vilipofika Bukavu, nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa na mbwa jina lake Simba, mwekundu, sikio moja limepinda. Tulitoka usiku, kila mtu na mzigo wake, na Simba akatufuata. Alitufuata mpaka mbali sana. Chakula tulichobeba hakikututosha sisi wenyewe, na mbwa akibweka gizani angetutoa kwa watu wenye bunduki. Mama akainama, akaokota jiwe, akamrushia. Simba akasimama, akatutazama, akaja tena. Mama akarusha la pili. La tatu lilimpata, akalia, akabaki pale barabarani. Mama alikuwa analia huku anarusha. Tuliporudi baada ya majuma kadhaa nyumba ilikuwa imesimama, mlango hakuna, Simba hakuna. Nyumbani kwetu jina lake halikutajwa tena. Watu walikuwa wamepoteza watoto. Nani angekubali kusikia habari za mbwa?

Mama alifariki mwaka 2017, mwezi wa sita. Nilikuwa nimemuuguza peke yangu kwa karibu miaka miwili: kumgeuza kitandani, kumnywesha uji, kuamka saa nane usiku anapoita. Baada ya matanga watu walirudi makwao, nami nikagundua kwamba mwili wangu bado unaamka saa nane. Nilikuwa nakaa kitandani, mikono mitupu, nasikiliza nyumba. Mchana nilifundisha vizuri tu. Usiku nilikuwa mtu asiye na kazi duniani.

Mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimeshika, nilimkuta mbwa chini ya meza ya muuza makala pale njia panda. Waya wa mtego ulikuwa umemzunguka mguu wa mbele, umezama hadi ngozi imeanza kuufunika. Muuza makala, mzee anayeniheshimu kwa sababu nilimfundishia watoto watatu, aliniona nimeinama.

“Mwalimu, huyo atakufa tu. Usijipe kazi.”

“Papa, kazi ndiyo ninayoitafuta,” nikamjibu. Sikujua kama nilikuwa nasema kweli mpaka neno lilipokwisha kutoka.

Alinipa gunia tupu. Tukamfunga mdomo kwa kitambaa, tukambeba.

Naomba msomaji asiruke kinachofuata, maana huruma isiyo na chanjo inaua. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakina tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinachukua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na wanne katika kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, bila kuona haya, bila kusubiri mganga wa kienyeji, kisha kimbilia chanjo siku hiyo hiyo. Mbwa unayemwokota mtenge na watoto, mwite daktari wa mifugo, mchanje ndipo umpende. Mimi nilimtenga kwenye banda la mbuzi, na kwa siku za kwanza nilimsukumia chakula kwa kijiti kirefu: bugali na vichwa vya sambaza.

Daktari wa mifugo aliukata waya. Mguu ulipona, ingawa uligeuka kidogo nje. Sikumpa jina, kwa kuwa nilikuwa nimeamua hatakuwa wangu: nyumba yangu ni ya vyumba viwili pembeni ya barabara ya malori, nami ni mtu wa kushinda shuleni. Nilitaka apone, nimtafutie watu. Watoto wa jirani wakamwita Mgeni, na jina likashika. Usiku ule wa kwanza niliamka saa nane kama kawaida. Nikasikia anakwaruza banda. Nikatoka na taa. Kulikuwa na mtu wa kuamkiwa.

Wakati huo huo nilikuwa nimeanza kwenda Lwiro, wanakolelewa sokwe yatima.

Wengi wa Bukavu wanaijua Lwiro kwa majengo yake. Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati mwaka 1947, iliyojulikana kwa herufi IRSAC, na makao yake wakayajenga huku Bushi, kati ya Kavumu na Katana: kuta nene, paa za vigae, maktaba ambayo mgeni hakutegemea kuikuta kati ya migomba. Baada ya uhuru ikawa mali ya taifa, leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Mwaka 2002, nchi ikiwa bado vitani, kituo hicho na mamlaka ya hifadhi, ICCN, walianzisha hapo mahali pa kuwapokea sokwe na kima walionyang'anywa wafanyabiashara. Sasa wapo sokwe zaidi ya 100, na kima wa aina nyingi wanaokaribia au kupita idadi hiyo.

Kila mmoja wa hao ana msiba nyuma yake. Mama sokwe hamtoi mtoto wake. Mtoto hunyonya miaka minne au mitano. Miezi ya kwanza hushikilia manyoya ya tumbo la mama, baadaye hupanda mgongoni, na kutoka mgongoni hapo ndipo hujifunza msitu wote, matunda gani, majani gani, nani wa kuogopwa. Ili umpate akiwa hai lazima umuue mama, na mara nyingi wengine wanaokuja kumtetea. Nyama inaliwa au kuuzwa, mtoto anauzwa kama kitu cha kuchezea. Kwa hiyo anayefika Lwiro ni mtoto aliyeshuhudia.

Niliwahi kudhani maneno kama hayo ni ya wenye moyo laini. Lakini mwaka 2011 jarida la sayansi PLoS ONE lilichapisha utafiti ulioongozwa na daktari Hope Ferdowsian, uliowalinganisha sokwe wa kwenye makimbilio waliopitia mateso na sokwe wa mwituni. Dalili za huzuni kuu na za kiwewe, zile zile anazoandika daktari kwa binadamu, zilionekana kwa wengi katika kundi la kwanza na kwa wachache mno katika la pili. Wapo wanaojitikisa mbele na nyuma saa nzima. Wapo wanaong'oa manyoya yao. Wapo wanaokataa kula, na hilo ndilo linaloua.

Dawa ya kwanza wanayopewa Lwiro ni mtu. Mtoto akipokelewa huwekwa karantini, hupimwa kifua kikuu na magonjwa mengine, maana maradhi yetu ni yake na yake ni yetu. Mafua yanayokupitia wewe kwa siku tatu yanaweza kummaliza. Lakini hata karantini hakai peke yake. Anapewa mlezi mmoja, mara nyingi mwanamke wa vijiji vya hapo hapo, avaaye koti la kazi na barakoa, na mlezi huyo humnywesha maziwa kwa chupa, humbeba, hulala naye. Mtoto wa sokwe hajui kuwekwa chini. Ukimweka chini anapiga ukelele ambao kila mama anauelewa bila kufundishwa. Basi habebwi kwa saa, anabebwa kwa siku, kwa majuma, mpaka mlezi anajifunza kupika, kufagia na kusali akiwa na mikono midogo imemshika kifuani.

Pwani wana msemo: yatima hadeki. Ni kweli kwa watu wengi niliokua nao. Yatima anayedeka nani atamvumilia? Lwiro ni mahali ambapo yatima anadekezwa kwa makusudi, na kazi hiyo ina ratiba na mshahara. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Nilifikiria watoto niliosoma nao darasani, ambao baada ya vita vya 1996, na tena baada ya vile vya 1998, hawakubebwa na mtu. Hasira ile sikuitupa, nitairudia.

Kwanza nisimulie kisa cha Gombe, kwa sababu bila hicho nisingeelewa nilichokuwa nakiona.

Gombe iko Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile linaloosha Uvira na Fizi kwetu. Jane Goodall alifika huko Julai 1960. Mwaka 1972 alifariki sokwe mzee aliyempa jina Flo, na mtoto wake Flint, aliyekuwa na zaidi ya miaka minane na uwezo wa kujilisha mwenyewe, aliacha kula, akajikunyata karibu na pale mama yake alipofia, na baada ya majuma machache naye akafa. Watu wengi wanakijua kisa hicho, kwa kuwa kinaliza. Mimi napenda zaidi kisa cha mwaka 1987, ambacho hakisemwi sana. Homa ya mapafu iliwapitia sokwe wa Gombe ikaua kadhaa. Mmoja aliyebaki yatima alikuwa Mel, mwenye miaka mitatu na kidogo, dhaifu, hana kaka wala dada. Kila mtu kituoni alijua atakufa. Akachukuliwa na Spindle, dume la miaka 12, kijana tu, asiye na undugu naye. Spindle alimngoja njiani. Alimbeba mgongoni, na mvua ikinyesha alimruhusu ashike tumboni kama mtoto mchanga. Usiku Mel akija kando ya kitanda chake cha matawi akilia, Spindle alinyoosha mkono, akamvuta ndani. Hata madume makubwa walipokuwa wamechachamaa, saa ambayo kijana mwenye akili hujiweka mbali, aliingia kumtoa Mel asije akaumizwa. Mel aliishi.

Kwa nini Spindle? Goodall aligundua kwamba katika ugonjwa ule ule Spindle alikuwa amefiwa na mama yake, Sprout. Dume la miaka 12 halihitaji tena kubebwa wala kunyonyeshwa. Lakini huenda pengo alilokuwa nalo lilikuwa na ukubwa wa mwili wa mtu mwingine, na mtoto yule mdogo akaenea humo.

Nilipoyasoma hayo nilifunga kitabu nikaenda bandani kwa Mgeni. Sikuwa na haja ya kuelezwa zaidi.

Tangu hapo sitaki kuulizwa nani anamponya nani. Utafiti mwingine wa hapa hapa Kongo unaonyesha mzunguko ulivyo. Kinshasa kuna Lola ya Bonobo, kimbilio lililoanzishwa na Claudine André, ambako nako bonobo yatima hulelewa na akina mama walezi. Zanna Clay na Frans de Waal walikaa wakiwatazama bonobo wa pale, na mwaka 2013 wakaandika kwamba waliolelewa na mama zao walikuwa wepesi zaidi kwenda kumkumbatia mwenzao anayelia, na wepesi zaidi kutulia wao wenyewe baada ya ugomvi, kuliko waliokua yatima. Anayejua kubembeleza ni aliyebembelezwa. Ndiyo maana saa zile za kubeba si anasa. Mlezi anamfundisha mtoto kitu ambacho mtoto atakuja kumpa sokwe mwingine miaka mingi baadaye, nyuma ya uzio, mlezi akiwa hayupo.

Sasa niirudie ile hasira. Mtu wa Miti akiniuliza, na wameniuliza sana, “Mwalimu, sisi tuna njaa, nyinyi mnanunua maziwa ya sokwe?” siwezi kumcheka. Swali ni halali, na historia yetu inalifanya liwe zito. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyetaka kuwaokoa ngagi, yaani gorila. Mwaka 1975 ikapanuliwa ikafika kilomita za mraba 6,000, mwaka 1980 ikaingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Batwa, waliokuwa wenyeji wa msitu huo, walitolewa bila kupewa ardhi nyingine, na hadi leo wengi wanaishi pembezoni mwa mashamba ya watu. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imetamka kwamba nchi iliwavunjia haki zao. Uamuzi huo ulitangazwa mwaka 2024. Kumpenda mnyama huku umempa mtu kisogo ni dhuluma, nami nalisema hili kama mtu anayewapenda wanyama.

Lakini nimeona pia upande mwingine. Lwiro hununua matunda na mboga kwa wakulima wa jirani, huajiri watu wa vijijini, na fedha ya mshahara wa mlezi inasomesha watoto. Zaidi ya hapo, sijawahi kukutana na mtu aliyepunguza upendo kwa watoto wa watu kwa sababu alimbeba mtoto wa sokwe. Moyo haugawanywi kama shamba. Na watu wa kwetu wanalijua hilo kwa mfano wa nyumba moja: binti wa huyo Deschryver wa ngagi, Christine Schuler Deschryver, ndiye anayeongoza Cité de la Joie, nyumba iliyofunguliwa Bukavu mwaka 2011 kwa ajili ya wanawake waliobakwa vitani. Wanawake hukaa humo miezi sita, wanatibiwa nafsi, wanajifunza ufundi na kujitetea, kisha wanatoka. Wanatoka. Neno hilo ndilo nililokuwa nalitafuta, na nitalifikia.

Kuhusu mbwa na watu wa vita, mfano mkubwa uko Uganda, nami nasikitika kwamba wachache wetu huku Kivu wanaujua. Francis Okello Oloya ni Mwacholi. Akiwa na miaka 12 alikuwa analima shambani, jembe likagonga bomu lililoachwa na vita, na akapoteza macho yote mawili. Alipelekwa shule ya bweni. Usiku alipata taabu kubwa kwenda chooni, mtoto kipofu, uwanja mpana, hana wa kumwamsha. Mbwa wa shuleni walianza kumsindikiza. Hakuna aliyewafundisha. Walizoea kwamba mvulana huyu akitoka, anahitaji wa kuandamana naye.

Baadaye alisomea saikolojia, na Gulu, pamoja na Sarah Schmidt wa shirika la The BIG FIX Uganda, akaanzisha mradi unaoitwa Comfort Dog. Vita vya kaskazini mwa Uganda vilidumu miaka ishirini hivi, vikawafukuza karibu watu milioni mbili kwenda makambini, na watoto wengi walitekwa wakafanywa askari. Walioponea walirudi na ndoto mbaya, hasira, wengine wakitaka kufa. Mradi unachukua mbwa walioteswa au kutupwa, unawahasi na kuwachanja, kisha unamkutanisha mbwa mmoja na mtu mmoja. Wanafundishwa pamoja kwa miezi: mtu anajifunza kumlisha, kumwogesha, kumwita bila kumpiga. Mwisho wanahitimu, na wahitimu wanakwenda shuleni na vijijini kueleza kwamba mbwa si wa kupigwa mawe.

Nilipofika hapo, kwenye mawe, niliweka kalamu chini kwa siku mbili.

Yapo maelezo ya kisayansi. Mwaka 2015 Miho Nagasawa na wenzake Japani walionyesha kwamba mbwa na mtu wake wakitazamana machoni, oksitosini, homoni ile ile inayomfunga mama na mtoto mchanga, hupanda kwa wote wawili. Naliamini hilo. Lakini naona jambo la kwanza ni jepesi zaidi kuliko homoni. Mtu aliyetoka vitani hawezi kuongozwa na maneno “jipende mwenyewe”. Hana pa kuanzia. Mwambie “huyu ana njaa, saa imefika” na ataamka. Anaosha bakuli. Anatoka nje, jirani anamuuliza mbwa ameonaje usiku, anajibu, na hapo ameongea na mtu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mbwa haulizi ulifanya nini porini. Haogopi simulizi lako. Na hasira yako akiiona anarudi nyuma hatua tatu, akakusubiri, nawe unajifunza kuishusha ili aje.

Tofauti moja kati ya Gulu na Lwiro sitaki ipotee. Kule Gulu mbwa anabaki. Amekuwa wa nyumbani kwa maelfu ya miaka, mahali pake ni mlangoni kwa mtu. Sokwe si wa mtu. Sheria ya Kongo inamlinda kabisa, na hata isingemlinda, akifika miaka saba au minane ana nguvu za kukung'oa mkono na huzuni ya kufungiwa peke yake. Kwa hiyo mlezi wa Lwiro anaanza kazi akiujua mwisho wake. Mtoto akishanenepa, akishaanza kucheza, anatambulishwa kwa watoto wenzake. Kisha kwa kundi. Kwanza kupitia wavu, mikono ikigusana. Baadaye saa moja, baadaye siku nzima. Na siku inakuja ambapo mtoto yule aliyekuwa hajui kuwekwa chini anashuka mwenyewe kifuani, anakwenda kwa wenzake, na hageuki nyuma. Mlezi akiwa amefanya kazi yake vizuri, haitwi tena.

Wazee wa Tshivanga wana kisa cha mwanzo wa hifadhi ambacho kilipigwa filamu na Dieter Plage miaka ya 1970. Deschryver alikuwa na mtoto yatima wa ngagi. Alimpandisha msituni, akiwa amemshikilia mwilini, mpaka mbele ya familia ya dume kubwa lililoitwa Kasimir. Mtoto akalia. Kasimir akaja kwa kishindo, na akamchukua kutoka mikononi mwa mtu yule, akarudi naye kwenye majani. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Kila mara natazama mikono ya Deschryver, jinsi inavyobaki mitupu.

Kwa sisi tuliokulia Kivu, mikono mitupu ina maana moja tu. Kila tulichopoteza tulinyang'anywa, au tulikitupia mawe ili tuokoke. Hatukuwahi kuachana na kitu kwa sababu kazi imekamilika. Nadhani ndiyo maana mwanzoni sikuelewa jinsi akina mama wa Lwiro wanavyoweza kumpokea mwingine baada ya wa kwanza kuondoka. Nilidhani wamekuwa wagumu. Sivyo. Kulea kwa muda kunampa mtu kitu ambacho vita vilimnyima, yaani kuagana kunakofanywa kwa hiari, mchana, kila mmoja akiwa mzima.

Watu huniambia kwamba ni ukatili kumzoesha mnyama nyumba kisha kumtoa. Mwaka 2019 Lisa Gunter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, walijibu swali hilo kwa kupima. Walichukua mbwa wa kwenye makazi ya mbwa waliotupwa, wakawapeleka kulala kwa watu usiku mmoja au mbili, kisha wakawarudisha. Katika nyumba za watu kotisoli yao, homoni ya wasiwasi, ilishuka, na wakalala usingizi mrefu zaidi. Waliporudishwa ilipanda tena hadi ilipokuwa mwanzo, lakini haikupita hapo. Hawakuumizwa kwa kuonjeshwa utulivu. Usiku mmoja wa kulala vizuri ulibaki kuwa usiku mmoja wa kulala vizuri.

Mgeni nilikaa naye miezi mitano. Alinenepa. Alijifunza kukaa, kungoja bakuli, kutomkimbilia kuku. Mimi nilianza kulala mpaka alfajiri, na sikuliona hilo lilipotokea. Niliona tu siku moja kwamba limekwisha kutokea. Mwezi wa tatu mwaka 2018 nilipata familia upande wa Katana, wenye mbuzi kumi na moja na mzee anayependa mbwa, jambo lisilo la kawaida kwetu. Alikuja Miti mara mbili kumwona kabla. Aliuliza anakula nini, anaogopa nini. Nilimwambia anaogopa waya, hata wa kuanikia nguo.

Mara ya tatu nilimpeleka mwenyewe. Tulitembea kutoka barabarani hadi kwa mzee, Mgeni akichechemea mbele yangu kwa ule mguu wake. Nilimpa mzee kamba mkononi, pamoja na kadi ya chanjo. Tukanywa chai. Nilipoinuka Mgeni naye akainuka, akaja mpaka mwisho wa kamba. Nikainama. Sikuinama kuokota kitu. Nilimshika kichwa, nikamwambia jina lake na jina la mzee, nikaondoka bila kukimbia. Kwenye pikipiki nililia hadi Kavumu, na motari, kijana mwenye adabu, akapunguza mwendo bila kuniuliza.

Nilipita tena kule mwezi wa nane, kiangazi, vumbi jekundu juu ya migomba. Sikumwita. Nilisimama njiani nikatazama juu ya uzio wa matete. Alikuwa amelala kwenye kivuli, mgongo umeegemea mbuzi mmoja mweusi. Upepo ulimpelekea harufu yangu. Akainua kichwa, akanitazama, mkia ukapiga ardhi mara tatu, nne. Kisha akalaza kichwa chini, akaendelea kulala.